Bingwa wa Afrika, lakini Paris hakufika

Msikilizaji, kila tukimtaja Angella Okutoyi swali ni lile lile: bingwa wa Afrika alikosaje Olimpiki?

Machi 2024 Mkenya huyo alishinda dhahabu ya tenisi, mchezaji mmoja kila upande, katika Michezo ya Afrika mjini Accra. Ushindi huo ungempeleka Paris kwa sharti moja: awe ndani ya 400 bora duniani. Hakuwemo.

Orodha hiyo huhesabu pointi, na kila pointi hufutika baada ya wiki 52. Ukikosa nauli ukakaa nyumbani, unashuka bila kushindwa na mtu. Mashindano ya ngazi ya chini hugawa dola 15,000 kwa washiriki wote. Anayetolewa raundi ya kwanza hapati hata ya kurudishia tiketi ya ndege. Anayeishi Ulaya hupanda treni tu. Kutoka Nairobi ni ndege, viza na hoteli, tena na kocha wake.

Na si kwamba hajui kucheza. Mwaka 2022 binti huyu aliyelelewa na nyanya yake alishinda Wimbledon ya wasichana, wachezaji wawili kila upande, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi.

Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Kwangu mimi alipiga hesabu vizuri: huko chuo ndicho hugharamia kocha, uwanja na safari za timu. Ila mechi za vyuo hazina pointi za dunia. Pointi bado azifuate mwenyewe, likizo ikifika.