Bingwa ni Aliyecheza au Aliyeandikwa?

Usiku mmoja wa Ramadhani, baada ya tarawehe, barazani petu palizuka mabishano ambayo hayajapata kusikika hapo maishani. Hayakuwa ya siasa, wala ya mechi za Uingereza zinazotukosesha usingizi kila Jumamosi. Vijana wawili wa mtaani, mmoja aliyesomea jimbo la Alabama huko Marekani na mwenzake aliyesomea Michigan, walikuwa wakigombana juu ya michezo ambayo wengi wetu hatujapata kuiona kwa macho. Kahawa iliwapoa mikononi. Mpita njia angedhani wanagombania shamba la urithi. Mwisho wakanigeukia mimi: "Ammi, wewe ni mtu mzima, tuamulie."

Sikuwaamulia usiku ule, kwani mtu hahukumu jambo asilolijua. Niliomba muda, nikasoma na kuuliza. Leo natoa hukumu yangu mbele ya wasomaji, kwa sababu nimeona kwamba ugomvi ule si wa Wamarekani peke yao.

Mabishano yao yalikuwa mawili. La kwanza lilihusu besiboli, mchezo ambao ni jamaa ya kriketi. Mmoja hurusha mpira, mwingine husimama na gongo kuupiga, na akiupiga vyema hukimbilia vituo vilivyopangwa uwanjani. Uhodari wa mpigaji hupimwa kwa hesabu: katika kila nafasi 1,000 za kupiga, amefaulu mara ngapi. Mwenye kufikisha 300 huitwa hodari. Mwenye kufikisha 400 kwa msimu mzima ni nadra kama mvua ya Januari. Katika zile ligi mbili kubwa, American na National, wa mwisho alikuwa Ted Williams, aliyepata 406 mwaka 1941. Wamarekani huhifadhi hesabu hizi kama sisi tunavyohifadhi nasaba zetu. Mtoto wa miaka kumi aweza kukutajia za mchezaji aliyekufa kabla ya babu yake kuzaliwa.

Kwa miaka mingi jina lililokuwa juu ya daftari hilo, kwa hesabu ya maisha yote ya mchezaji, lilikuwa la Ty Cobb, mwenye 367. Mwishoni mwa Mei 2024 wakuu wa besiboli ya Marekani walitangaza kwamba Cobb ameshuka na aliye juu ni Josh Gibson, mwenye 372. Rekodi ya msimu mmoja pia ikawa yake: 466, mwaka 1943.

Msomaji atauliza, mtu huyo alikuwa wapi siku zote? Alikuwapo, ila alikuwa Mweusi. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, Mweusi, alicheza katika ligi kubwa na timu ya Toledo. Baada yake mlango ukafungwa, si kwa sheria iliyoandikwa, bali kwa makubaliano ya wenye timu, wakanyamaziana kama watu waliokula njama. Weusi wakaunda ligi zao. Ile ya kwanza kudumu ilianzishwa na Rube Foster mjini Kansas City mwaka 1920. Humo ndimo Gibson alimotumikia sehemu kubwa ya maisha yake ya uchezaji, katika timu za Homestead Grays na Pittsburgh Crawfords. Mlango ulifunguliwa tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Gibson alikuwa amefariki tarehe 20 Januari mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 35. Miezi mitatu haikutimia.

Kijana wetu wa Alabama hakubaliani na daftari jipya. Hoja zake ni tatu, na si za kupuuzwa. Kwanza, asema, misimu ya ligi za Weusi ilikuwa mifupi, na mtu aweza kung'ara kwa mechi chache. Pili, kumbukumbu zenyewe hazikutimia. Tatu, Gibson hakupambana na warushaji wote bora wa zama zake.

Nimezipima hoja hizo moja moja. Juu ya misimu mifupi, namkumbusha mwaka 2020, wakati wa janga la korona, ambapo timu za ligi kubwa zilicheza mechi 60 tu badala ya 162. DJ LeMahieu aliongoza ligi ya American kwa 364, akaandikwa bingwa wa kupiga, na hakuna aliyelichana jani lile. Ikiwa mechi 60 zatosha kwa mmoja, vipi zisitoshe kwa mwingine?

Juu ya kumbukumbu, hapa kijana ana haki nusu. Zilizopatikana ni karibu robo tatu tu. Lakini zilizopotea zilipotezwa na nani? Magazeti makubwa ya Wazungu aghalabu hayakujishughulisha na mechi hizo. Yaliyoandika ni magazeti ya Weusi wenyewe, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender. Watafiti kama Larry Lester wameyapekua magazeti hayo ukurasa kwa ukurasa, miaka nenda miaka rudi. Wala hawakumpendelea marehemu. Bamba la Gibson katika jumba la mashujaa wa besiboli huko Cooperstown lasema aliupiga mpira nje ya uwanja karibu mara 800. Daftari jipya limempa chini ya 200, kwa kuwa limehesabu mechi za ligi tu, likaziacha zile za kuzunguka miji na vijiji ambazo ndizo zilizompatia mkate. Mwenye kutoa sadaka hapunguzi namna hiyo. Hiyo ni kazi ya mizani.

Ama hoja ya tatu, hiyo inamrudia mwenyewe. Ikiwa Gibson hakupambana na wote, Babe Ruth naye alipambana na nani? Katika ligi yake hakumkabili hata siku moja Satchel Paige, mrushaji Mweusi aliyekuwa akisifiwa nchi nzima. Ubaguzi uliyapunguza madaftari mawili, lakini kwa miaka mingi tuliambiwa moja tu ndilo pungufu. Hata mwaka 1969, ilipoundwa kamati ya kuamua ni ligi zipi za zamani zihesabiwe kuwa kubwa, zilichaguliwa sita na za Weusi hazikuwamo.

Na wapo waliolisema hili mapema. Mwezi wa Julai 1966 Ted Williams, yuleyule wa 406, alipoingizwa katika jumba la Cooperstown, alisimama mbele ya watu akataka Paige na Gibson nao waingizwe. Alikuwa Mzungu na alikuwa na jina la kulinda, wala hakuna aliyemlazimisha. Paige aliingizwa mwaka 1971, na Gibson mwaka 1972.

Mwaka huohuo wa 1966 ndio unaotuleta kwenye bishano la pili, la kandanda ya Kimarekani ya vyuo vikuu, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaobebwa kwa mikono. Siku hizo hapakuwa na fainali. Bingwa wa nchi alichaguliwa kwa kura: waandishi wa habari walikuwa na kura yao, na makocha yao. Tarehe 19 Novemba 1966 Notre Dame na Michigan State, timu mbili ambazo hazijafungwa, zilikutana mjini East Lansing, zikatoka sare 10 kwa 10. Notre Dame walikuwa na mpira dakika za mwisho, wakaamua kuula muda badala ya kutafuta ushindi. Kura zikawapa wao ubingwa, Michigan State wakawa wa pili. Alabama, ambao walishinda mechi zao zote 11 msimu ule, wakaachwa wa tatu.

Kijana wa Alabama, ingawa hakuwa amezaliwa, huisimulia habari hii kana kwamba yeye ndiye aliyedhulumiwa. Mwenzake wa Michigan humjibu: timu yenu mwaka ule haikuwa na mchezaji Mweusi hata mmoja. Yetu ilikuwa na Bubba Smith wa Texas na Jimmy Raye wa North Carolina, vijana waliosafiri hadi kaskazini kwa kuwa vyuo vikubwa vya kwao kusini viliwafungia mlango. Na kweli, Alabama hawakumpa mchezaji Mweusi nafasi ya ufadhili hadi 1970, alipochukuliwa Wilbur Jackson.

Lakini tazama kioja cha mchezo huu. Alabama hujihesabia ubingwa 18, na mmojawapo ni wa mwaka 1941, ambao walifungwa mechi mbili na kura za waandishi zikawaweka nafasi ya 20! Mwaka 1966 ambao hawakufungwa kabisa haumo katika orodha yao. Na mwaka 2017 chuo cha Central Florida kilishinda mechi zote 13, kikanyimwa nafasi miongoni mwa timu nne za mchujo, kikajitangazia ubingwa chenyewe na kufanya gwaride la ushindi. Chama cha michezo ya vyuo hakitoi taji la daraja hilo la juu, basi kila mwenye kalamu hujiandikia.

Sasa hukumu yangu. Besiboli ilikuwa na karani mmoja, naye alilifunga daftari ili wengine wasiandikwe. Kandanda ya vyuo haina karani, na kila mtu ni msifu wa nafsi yake. Dawa ya magonjwa yote mawili ni ushahidi, na ushahidi upokewe hata kama haumpendezi mpokeaji.

Wewe kijana wa Alabama, malalamiko yako ya 1966 yana msingi, kwani timu isiyofungwa ilihukumiwa na watu waliopiga kura tu. Lakini huwezi kulilia mlango uliofungiwa wewe, ukaunyamazia ule uliofungwa na chuo chako, wala huwezi kumkatalia Gibson kwa jambo lilelile unalojililia. Na wewe wa Michigan, usishangilie hizo 372 kana kwamba deni limelipwa. Gibson hakuiona siku ile, hakupokea mshahara wake, wala hakuvaa jezi ya ligi kubwa. Kuandikwa ni haki yake, lakini si fidia.

Nilipowapa vijana wangu jibu hili, mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza kimya aliweka chini kikombe chake akauliza: "Na sisi je?" Swali lile lilinichoma. Hapa Mombasa twabishana kila siku juu ya Feisal, Liverpool yetu na Mwenge: nani alifunga, nani alikuwa na mguu wa kushoto, siku ile uwanja ulijaa vipi. Ukiuliza tarehe, huipati. Ukiuliza matokeo, wawili wanakupa matatu. Na wanaojua wanatutoka mmoja mmoja, kila Ijumaa twasikia jina jingine.

Gibson alirejea kwa sababu mwandishi fulani, ambaye huenda hata hakulipwa vizuri, alikaa pembeni ya uwanja akaandika nani alipiga mara ngapi. Kwetu bado hatujachelewa sana. Tuketi na wazee wetu na daftari mkononi, tuandike siku, wapinzani na mabao, na tusiliandike jambo mpaka apatikane shahidi wa pili.

Mimi nimeanza na mzee yule. Amenitajia wachezaji tisa wa timu yake ya ujanani. Wawili majina yamemtoka. Mmoja alikuwa mlinda lango, mrefu, fundi wa kushona kanzu. Anayemkumbuka na afike barazani, daftari liko wazi.