Jikoni kwetu: Kopo limevimba, tufanye nini?



Juma hili tunajibu swali linalorudi kila siku ya soko: kopo la tomati lililobonyea au lenye kutu, linalouzwa kwa bei ya chini, tulinunue? Hapa Bunia makopo mengi yanafika kwa lori kutoka Uganda. Njiani yanagongana na kulowa mvua.

Kopo ni chuma chembamba kilichopakwa stani. Mara nyingi ndani kunaongezwa rangi ya kukinga. Likigongwa, rangi hiyo inaweza kupasuka. Asidi ya tomati na chumvi zinaingia katika ufa na kukuta metali mbili. Hapo kopo linakuwa kama jiwe la torchi: umeme mdogo unapita, na metali moja inaliwa. Ndani, pasipo hewa, kwa kawaida stani inaliwa kwanza na kukinga chuma. Nje ni kinyume: pakichubuka, chuma ndicho kinaliwa, na kutu inaweza kuchimba mpaka itoboe.

Kazi hiyo ya ndani inaweza kuzaa gazi ya hidrojeni, kopo likavimba. Lakini vijidudu pia vinavimbisha kopo, na kimoja kinaleta botulismi, sumu inayoweza kuua hata kama chakula hakina harufu mbaya. Kwa macho hatuwezi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili.

Basi tushike haya:

– Kopo lililovimba, linalovuja, au linalorusha maji likifunguliwa: tulitupe mbali na watoto na mifugo. Tusionje.
– Lililobonyea kwenye mshono au ukingo, au lenye kutu iliyochimba: tuliache.
– Kutu ya juu inayofutika kwa kitambaa, au kubonyea kidogo ubavuni: linaweza kutumika.
– Likifunguliwa, hewa inaingia na metali inaliwa upesi zaidi. Tuhamishie kinachobaki katika bakuli lenye kifuniko.

Tunajua kutupa chakula kunauma, hasa kwa familia zilizokimbia vita na kuacha mashamba. Lakini mtu akila chakula cha kopo kisha akaona vitu viwili viwili, kope zikalegea, akashindwa kusema au kumeza, tusingoje asubuhi. Tumpeleke hospitali saa ileile, na tuwaambie waganga alikula nini.