MKULIMA ANAPOULIZA HESABU

Mkulima wa kahawa wa Mkumbi, wilayani Mbinga, na mkulima wa karafuu wa Pemba huenda wasionane maishani. Lakini kila mmoja hupitishia zao lake mlango mmoja: huyu chama chake cha msingi, yule Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar. Mlango ukiwa mmoja, bawabu sharti aulizwe.

Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika vya Bara, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Mkulima akajifunza kungoja. Sasa akiuliza bei au makato, mara nyingi huulizwa yeye kwanza ni wa chama gani. Mla rushwa hujificha humo humo: anayemshtaki huitwa mpinzani, na shauri likaishia hapo.

Visiwani twajua chuki za vyama zilikotufikisha: damu ya Januari 2001. Katika kura ya maoni ya Julai 31, 2010, wapiga kura 66 katika kila 100 waliridhia serikali ya umoja wa kitaifa.

Tunawataka waheshimiwa wabandike hesabu ukutani, Mkumbi na Wete, kabla ya msimu ujao kufunguliwa.