Sikukuu Isipotee Bure

Ndugu msomaji, kila mwaka mpya unapoingia na kalenda mpya kutundikwa sebuleni, liko jambo ambalo wafanyakazi wengi hulifanya hata kabla ya kuwaza ada za shule. Hupitisha kidole mwezi baada ya mwezi, wakitazama sikukuu zimeangukia siku gani. Ikiwa ni Jumatatu au Ijumaa, nyuso hukunjuka. Ikiwa ni Jumapili, husikika mguno: "Hii nayo imekwenda bure!"

Juma hili tuitazame nchi moja ndogo ya Ulaya ambako mguno huo hauna sababu. Ni Luxembourg, iliyo kati ya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,586, yaani karibu sawa na Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja.

Sikukuu zao za mapumziko ni 11: Mwaka Mpya, Jumatatu ya Pasaka, Mei Mosi, Siku ya Ulaya tarehe 9 Mei, Kupaa kwa Bwana, Jumatatu ya Pentekoste, Sikukuu ya Taifa tarehe 23 Juni, Kupalizwa Bikira Maria tarehe 15 Agosti, Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, Krismasi na siku inayoifuata. Siku ya Ulaya iliongezwa mwaka 2019, na mwaka huo huo likizo ya mwaka ikapandishwa kutoka siku 25 hadi 26 za kazi. Zingatia neno hilo, "za kazi". Jumapili haihesabiwi humo, wala sikukuu haihesabiwi.

Tena sheria yao inasema kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, au siku nyingine ambayo mfanyakazi hakupangiwa kazi, atapewa siku ya kufidia ndani ya miezi mitatu. Mwaka 2024, Siku ya Ulaya na Kupaa kwa Bwana ziliangukia tarehe moja, 9 Mei. Hata hapo wafanyakazi hawakupunjwa. Walifidiwa siku ya pili.

Sasa tazama wanavyopanga. Kupaa kwa Bwana siku zote ni Alhamisi, na Ijumaa inayofuata hubaki katikati kama kijito kati ya ng'ambo mbili. Anayeomba ruhusa ya Ijumaa hiyo hupata siku nne mfululizo. Kwa Kifaransa, lugha mojawapo ya nchi hiyo, desturi hii huitwa "daraja". Katika kalenda ya mwaka 2026, tarehe 9 Mei ni Jumamosi, na Kupaa kwa Bwana ni Alhamisi tarehe 14. Asiyefanya kazi Jumamosi anaweza kuomba siku yake ya kufidia iwe Ijumaa tarehe 15. Akikubaliwa, atakuwa amepumzika siku nne bila kugusa likizo yake. Mwezi unaofuata, tarehe 23 Juni ni Jumanne. Siku moja tu ya likizo, Jumatatu, humpatia nyingine nne.

Hata serikali yao iliwahi kuipanga sikukuu upya. Mtawala wao Charlotte alizaliwa tarehe 23 Januari 1896, katika miezi ya baridi kali. Mwaka 1961 sherehe ya kuzaliwa kwake ikahamishiwa 23 Juni, watu wapate kutoka nje. Watawala waliomfuata walizaliwa siku nyingine, lakini tarehe hiyo haikubadilika.

Hata hivyo, ndugu zangu, daraja halibebi watu wote kwa wakati mmoja. Kila mtu akiitaka Ijumaa ile, nani atabaki na wagonjwa? Nani ataendesha basi? Sheria yao inataka likizo ifuate matakwa ya mfanyakazi, ila pale mahitaji ya kazi au maombi ya haki ya wenzake yanapozuia. Basi aliyejenga daraja mwezi Mei hana budi kumpisha mwenzake mwezi Juni. Asiyekubali hilo hapumziki kwa haki yake, bali kwa jasho la jirani yake.

Ipo pia taabu ya walio mpakani. Zaidi ya watu laki mbili wanaofanya kazi Luxembourg wana makazi yao katika nchi jirani. Mama anayeishi upande wa Ufaransa hupumzika tarehe 23 Juni ilhali watoto wake wako shuleni. Tarehe 14 Julai, taifa la Ufaransa linaposherehekea na watoto wako nyumbani, yeye yuko kazini. Mama huyo hatafuti daraja la siku nne. Anatafuta siku moja tu ambayo jamaa yake yote itakaa kwenye meza moja.

Nasi hapa Tanzania tunayo hesabu yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Anayeanza likizo ya siku hizo tarehe 20 Desemba atamaliza 16 Januari. Humo zimemezwa Krismasi, siku inayoifuata, Mwaka Mpya na Mapinduzi, sikukuu nne nzima ambazo angezipumzika hata bila likizo.

Sisemi asiende Desemba. Huo ndio wakati ukoo hukutana, wazee wakawaona wajukuu, na hilo halipimwi kwa siku nne. Nasema aende akijua bei yake. Na yule ambaye wazazi wake wako mtaa wa pili, au watoto wake bado hawajaanza shule, ajiulize kama mwezi mwingine haungemfaa zaidi.

Kwa hiyo, kabla ya kujaza fomu ya likizo, iteremshe kalenda ile ukutani. Kaa na mwenzi wako, waulize na watoto, kisha kesho yake uzungumze na wenzako wa zamu. Mara nyingi mama husikia habari za likizo ya baba siku fomu ilipokwisha kutiwa sahihi, na hapo tena hakuna la kupanga.

Tukutane Jumapili ijayo.