Jina la Gari na Tope la Safari

Kijana mmoja wa hapa Fordsburg alinijia kutaka shauri. Amepata Peugeot iliyokwisha tumika, naye yu tayari kutoa akiba yake yote, kwa kuwa marehemu baba yake hakusifu gari jingine.

Mapenzi hayo nayajua asili yake. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika barabara zile zile tulizokwama sisi wakati wa masika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati dereva alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Ikafuata zamu ya Datsun: Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa magari ya kampuni hiyo mara 5 kati ya 1973 na 1982. Wazee wetu hawakuhitaji tangazo. Tope lilikuwa shahidi wa kutosha.

Lakini shahidi huyo alisema juu ya magari yale, madereva wale na mafundi wale. Juu ya gari analotaka kununua kijana huyu hakusema neno.

Basi nilimwambia: Mwanangu, kabla hujatoa hata senti, mwite fundi unayemwamini alikague. Baba yako hakulipenda jina tu. Aliliona gari likitoka topeni, ndipo akaliamini. Ukitaka kumrithi, rithi uangalifu huo.