Mzigo Haujicheleweshi Wenyewe

Mnamo Septemba 2025 jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli barabarani, na hiyo ikawa mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Sisi wachache ambao kila Jumapili alfajiri huendesha baiskeli kutoka Ruiru hadi Thika na kurudi tuliona haitufai kusimuliwa. Tulichanga fedha, tukakata tiketi za ndege, tukazifungasha baiskeli zetu katika makasha ili nasi tujaribu vilima vya Rwanda.

Sisi tulifika, baiskeli hazikufika.

"Mzee, mizigo yenu imechelewa," binti aliyekuwa kwenye kaunta ya shirika lililotusafirisha aliniambia kwa upole na kwa Kiswahili safi. Alitupa fomu tujaze, nasi tukaondoka mikono mitupu.

Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha isimu, sikio langu liliinasa kauli ile. Kitenzi "kuchelewa" humtwika lawama mtenda: mwanafunzi aliyechelewa ndiye aliyezembea. Lakini kasha halina miguu. Mizigo yetu haikuchelewa, ilicheleweshwa. Viambishi viwili tu vinaongezeka, cha kusababisha na cha kutendwa, na papo hapo swali linazuka lenyewe: ilicheleweshwa na nani?

Sheria imekwisha kulijibu swali hilo. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unasema kwamba msafirishaji ndiye anayewajibika kwa hasara itokanayo na kucheleweshwa kwa mizigo, isipokuwa athibitishe kwamba alichukua kila hatua ya busara kuizuia. Mwenye mzigo ulioharibika hana budi kulalamika kwa maandishi katika muda wa siku saba tangu aupokee. Aliyecheleweshewa ana siku 21 tangu alipokabidhiwa. Tangu Desemba 2024 kikomo cha fidia kwa kila abiria kimekuwa vipimo 1,519 vya Shirika la Fedha la Kimataifa, kiasi kinachokaribia dola 2,000 za Marekani.

Haya yote nimeyasoma baada ya maji kumwagika. Miongoni mwetu alikuwamo fundi wa baiskeli kutoka Thika, mtu wa kipato cha siku kwa siku, ambaye aliweka akiba mwaka mzima kwa ajili ya safari ile. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Aliitia sahihi kwa sababu mimi, daktari wa falsafa, nilikuwa nimeitia yangu, nami sikuwa nimesoma zaidi ya mistari miwili. Kwa siku tatu alikodi baiskeli. Kasha lake lilipofika, gurudumu la nyuma lilikuwa limepinda. Alilinyoosha kwa mikono yake, akashukuru Mungu, akaendelea na safari.

Siku ya kumi baada ya kulipokea kasha alinijia tukaenda pamoja kudai. Tulijibiwa kwamba siku saba zilikuwa zimepita, nasi tukarudi nyumbani tumeinamisha vichwa. Hakuna aliyetuambia kwamba dai la gurudumu lilikuwa limekufa lakini dai la kucheleweshwa, yaani gharama ya ile baiskeli ya kukodi, lilikuwa bado hai kwa siku 11 zaidi. Nilipolitambua hilo, hata hizo zilikuwa zimekwisha.

Asiyeuliza, wahenga walisema, hanalo ajifunzalo. Lakini mtu ataulizaje juu ya jambo asilojua kwamba lipo? Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nayo kikamilifu. Habari iliyo katika lugha ambayo mnunuzi haimudu, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, haijamfikia.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kueleza mambo ya kisheria. Nauliza: "siku saba" na "siku ishirini na moja" zinahitaji istilahi gani mpya? Ndege kadhaa zitokazo Nairobi hutukaribisha na kutuaga kwa Kiswahili. Lugha inayofaa kwa kutukaribisha haiwezi kukosa kufaa kwa kutueleza haki zetu.

Naiomba basi Mamlaka ya Usafiri wa Anga iyashurutishe mashirika yote yanayotua nchini kuwa na fomu za mizigo zilizoandikwa pia kwa Kiswahili, na kuweka bango mahali pa kupokelea mizigo likieleza muda wa kulalamika. Gharama yake ni karatasi na wino.

Nawe msomaji unayejiandaa kusafiri, piga picha ya mzigo wako kabla ya kuukabidhi, tunza kila stakabadhi, na ulalamike kwa maandishi mapema. Na ukiambiwa mzigo wako umechelewa, msahihishe msemaji kwa adabu: umecheleweshwa.