Jinamizi Hukaba Usingizini: Tusikimbilie Kumtaja Jini



Barua tuliyoichagua wiki hii imetoka kwa mama mmoja wa hapa hapa mwambao. Anaeleza kwamba binti yake, mwenye umri wa miaka 17 na aliye kidato cha nne, hukabwa usiku na kitu asichokiona. Huzinduka karibu na alfajiri, macho yako wazi, chumba anakiona, sauti ya mwadhini anaisikia, lakini hawezi kuinua mkono wala kumwita mamake. Kifua huwa kizito kana kwamba mtu amemkalia, na kando ya kitanda huhisi pana kivuli kinachomtazama. Baada ya muda mfupi hali hiyo huondoka, naye hubaki akitetemeka na kulia. Mganga aliyeendewa amesema kwamba binti ana jini la kiume linalomtaka, na kwamba aachishwe skuli mpaka litolewe, kwa malipo ya mbuzi na fedha taslimu. Mama anauliza: afanye nini?

Tunatanguliza jibu kabla ya maelezo: binti asitolewe skuli, na mbuzi asinunuliwe.

Hali hii ni kongwe. Wazee wetu waliijua wakaiita jinamizi, na Waarabu huiita kaabus. Tabibu Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliizungumzia katika kitabu chake cha Al-Qanun fi al-Tibb, akaiweka katika mlango wa maradhi ya kichwa, jirani na kifafa. Basi takriban miaka elfu moja iliyopita, Mwislamu aliyehifadhi Qur'ani tangu utotoni aliitazama kaabus kwa jicho la tabibu, akatafuta sababu yake ndani ya mwili. Itakuwa aibu kwetu sisi kurudi nyuma ya pale alipotufikisha.

Elimu ya leo imeongeza ufafanuzi. Usingizi wa usiku mmoja huenda kwa mizunguko, na kila mzunguko huchukua kadiri ya dakika 90. Ndani yake mna hatua ambayo macho huchezacheza upesi chini ya kope, nayo ndiyo hatua ya ndoto nyingi. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, waliieleza mwaka 1953. Katika hatua hiyo ubongo huifunga misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili, ili anayeota kwamba anakimbia asiinuke akajigonga ukutani. Misuli ya macho na ule msuli mkuu wa kuvuta pumzi huachwa ifanye kazi yake. Hii ni hifadhi aliyotuwekea Mola wetu, nasi hatuijui kwa kuwa tumelala.

Kwa kawaida mtu anapoamka, kufuli hilo hufunguka papo hapo. Lakini hutokea akili ikatangulia kuamka ilhali mwili ungali umefungwa na ndoto haijakatika. Hapo ndipo mtu huona chumba chake cha kweli na ndani yake akaona kivuli cha ndotoni. Hujaribu kuvuta pumzi kwa nguvu, lakini misuli ya kifua imelegea, basi huhisi amekaliwa. Hofu nayo huzidisha kila kitu. Hatua ya ndoto hurefuka kadiri usiku unavyokwisha, na kwa hivyo si ajabu binti wa barua yetu kukabwa karibu na alfajiri. Hali hii hudumu sekunde chache au dakika chache, kisha huisha yenyewe, na kwa yenyewe haiui.

Wala binti huyu si peke yake. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2011, uliojumuisha tafiti nyingi zenye watu zaidi ya 36,000, ulikuta kwamba karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kupatwa na hali hii angalau mara moja maishani. Miongoni mwa wanafunzi, idadi ilikuwa karibu 28 katika kila 100. Jambo hili si gumu kulielewa. Yanayoikaribisha jinamizi ni kulala saa chache, kubadilisha nyakati za kulala mara kwa mara, wasiwasi mwingi, na kulala chali. Mwanafunzi wa kidato cha nne anayedurusu mpaka saa saba za usiku, akaamka saa kumi na moja, huku moyo umejaa hofu ya mtihani, ameyakusanya karibu yote.

Huenda msomaji akauliza: je, sheikh anakanusha majini? Hasha. Kuwepo kwa majini ni katika itikadi yetu, nasi tunaisoma sura yenye jina lao. Lakini kuamini kwamba wapo ni jambo moja, na kumbandika mtoto wa watu jini bila ya ushahidi ni jambo jingine. Neno hilo likishatoka, halirudi. Binti huanza kutazamwa kwa jicho la shaka, posa huenda zikasita, naye mwenyewe hujiona ana kasoro. Hofu humzuia kulala, na kukosa usingizi humrudishia jinamizi. Hivyo tiba ya mganga huwa ndiyo kuni za maradhi.

Madhara ya hofu ya namna hii tumeyaona kwa majirani zetu. Mwaka 1995, huko Pemba na Unguja, khofu ya Popobawa iliwatoa watu majumbani wakawa wanalala nje kwa makundi. Watafiti waliosikiliza masimulizi ya waliokabwa waliona kwamba mengi yanafanana mno na jinamizi. Na katika hofu hiyo, mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili alidhaniwa kuwa ndiye Popobawa, akauawa. Damu ya mja ilimwagika kwa jambo ambalo lingeelezwa na daktari kwa nusu saa.

Sasa tuje kwenye tiba. La kwanza ni kumweleza binti yale tuliyoyaeleza hapa, kwa upole, akiwa mchana na moyo umetulia. Wengi hupata nafuu kwa kujua tu kwamba hawana wazimu wala hawakurogwa. La pili ni kumrudishia usingizi wake. Kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10 kwa siku, na mtu mzima asipungukiwe na saa 7. Alale na aamke kwa wakati ule ule, hata siku asizokwenda skuli. Simu ibaki sebuleni. Chai ya rangi na kahawa viishie alasiri, kwani athari yake hukaa mwilini saa nyingi. Na ikiwa nyumbani kuna kijana wa kiume anayetafuna miraa au muguka kisha akalalamika kwamba usingizi umemkimbia, sababu anayo shavuni.

La tatu, alale kwa ubavu. Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kulala kwa ubavu wa kulia, na alichukia maongezi yasiyo na haja baada ya sala ya Isha. Asome Ayatul Kursiyy na sura za kinga kama ilivyo sunna. Hizo humtuliza nafsi, na sisi hatuoni mgongano wowote baina ya dua na dawa, kwani Mtume huyo huyo ametuhimiza kutafuta tiba. La nne, jinamizi ikimjia, asipigane nayo. Ajue kwamba itapita, apumue taratibu, na ajaribu kutikisa kidole kimoja tu cha mguu au cha mkono. Mara nyingi kidole kikitikisika, mwili wote hufunguka.

Tahadhari moja kwa kina mama: msiwape watoto piritoni ili walale, wala msinunue vidonge vya usingizi dukani bila ya agizo la daktari. Baadhi ya vidonge hivyo mtu huvizoea akashindwa kuviacha. Kwa mtu mzima anayekosa usingizi angalau usiku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, tiba inayotangulizwa na madaktari ni mafunzo ya kurekebisha mazoea na fikra za kulala. Katika mafunzo hayo hufundishwa, kwa mfano, kwamba asiyepata usingizi baada ya kadiri ya dakika 20 aondoke kitandani, akae mahali penye mwanga hafifu, na arudi usingizi ukimjia. Dhikri ina nafasi yake nzuri katika dakika hizo.

Yako mambo yakionekana, mgonjwa apelekwe hospitali bila ya kuchelewa: akirusha viungo usingizini, akiuma ulimi au kujikojolea, kwani huenda ni kifafa; akizidiwa na usingizi mchana bila ya kutaka, au magoti yakimlegea anapocheka; akiwa na huzuni isiyoondoka; au jinamizi ikimjia mara kwa mara hata baada ya kurekebisha usingizi wake. Daktari aelezwe yote bila ya haya.

Kwako wewe mama uliyetuandikia: fedha ya mbuzi mnunulie binti yako chandarua kizuri na godoro, na iliyobaki iweke akiba ya karo. Kwa wiki chache lala naye chumba kimoja. Ukimwona macho yako wazi na mwili hautikisiki, mguse bega na umwite kwa jina lake. Mguso mara nyingi hulifungua kufuli lile, naye akizinduka atakukuta wewe, mamake, umekaa pale alipokuwa akikiona kivuli.

Habari ya kukoroma na kukatika pumzi usingizini, ambayo wake wengi wametuuliza kuhusu waume zao, tutaizungumza wiki ijayo inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.